Likoni, Ng'ambo ya Kusini ya Mombasa: Jiografia, Historia na Fundisho Lake kwa Tiwi

 

Mada ni Likoni. Kusudi la mhadhara ni kueleza namna sehemu hii ya jiji la Mombasa ilivyofikia hali yake ya leo, na kuonyesha kwamba mambo yaliyoiumba yamekwisha kuvuka mpaka wa Kaunti ya Kwale kuelekea hapa Tiwi. Likoni huhesabiwa Mombasa kwa utawala, lakini kwa nchi, maji na watu wake ni sehemu ya pwani ya kusini. Hoja ni tano: umbo la nchi, wakazi wa awali, bandari na kivuko, ardhi, na maji. Baada ya hizo yatafuata maneno machache kuhusu miaka ijayo.

1. Umbo la nchi

Likoni iko bara, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Kaskazini imepakana na mlango wa Kilindini. Magharibi na ghuba ya Port Reitz na mikoko yake. Mashariki na Bahari ya Hindi. Na kusini na Ng'ombeni, inakoanzia Kaunti ya Kwale. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 40, na wadi zake ni tano: Likoni, Timbwani, Mtongwe, Bofu na Shika Adabu. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 250,358. Kati ya kaunti ndogo sita za Mombasa ni Kisauni pekee iliyoizidi, na katika kila wakazi watano wa Mombasa mmoja alikuwa Likoni. Kwa wastani, kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 6,000. Katika Kaunti ya Kwale yote wastani huo mwaka 2019 ulikuwa watu wapatao 105.

Sehemu kubwa ya pwani ya Likoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ulijengeka chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Baadaye, zama za barafu, bahari ilishuka zaidi ya mita mia moja, na mito iliyotoka bara ikachimba mabonde marefu katika mwamba huo ili kuifikia. Bahari ilipopanda tena, mabonde yakafurika. Hivyo ndivyo zilivyopatikana hori ya Tudor upande wa kaskazini wa kisiwa, na Kilindini na Port Reitz upande wa kusini na magharibi.

Jambo hilo la kale lina matokeo makubwa kwa maisha ya leo. Kwa sababu mlango wa Kilindini ni bonde lililozama, una kina kirefu na kingo zilizosimama. Mahali feri inapovuka, upana wake ni kama nusu kilomita tu. Kina hicho kimeipa Afrika Mashariki bandari bora ya asili, na kina hichohicho kimeikata barabara ya kusini. Mengi yatakayoelezwa hapa yanatokana na hali hiyo: meli za dunia nzima hupita mbele ya Likoni, naye mkazi wa Likoni hungoja zipite ndipo avuke.

Hali ya hewa ni ileile ya Tiwi. Mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, na kidogo wakati wa vuli. Kaskazi na kusi hugawana mwaka. Minazi, miembe, mikorosho na mihogo ndiyo iliyokuwa sura ya nchi hiyo kabla ya nyumba kuizidi, na bado huonekana kwa uchache pande za Shika Adabu na Mtongwe.

2. Wakazi wa awali na mafungamano ya pande mbili

Binadamu wameishi Likoni tangu zama za mawe. Katika miaka ya 1980 watafiti kutoka Japani walichimba Mtongwe na kukuta zana za mawe za kale sana. Ni ushahidi wa watu waliozikalia kingo za ghuba hii muda mrefu kabla ya mji wowote wa Waswahili.

Katika historia iliyo karibu zaidi, wenyeji wa nchi hiyo ni Wadigo pamoja na Waswahili wa Thelatha Taifa. Wasikilizaji wengi wanajua kwamba Waswahili wa Mombasa walijipanga katika mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika makundi mawili. Tisa Taifa waliongozwa na Wamvita. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na mji wa kale wa Kilindini ulikuwa upande wa kisiwa unaoitazama bara ya kusini. Mtongwe ikawa miongoni mwa makazi yao.

Kila kundi lilikuwa na washirika wake miongoni mwa Mijikenda. Tisa Taifa walifungamana na Warabai, Wagiriama na majirani zao wa kaskazini. Thelatha Taifa walifungamana na Wadigo na Waduruma. Ushirika huo ulikuwa na faida kwa pande zote. Kutoka bara zilikuja nafaka, sandarusi na pembe za ndovu. Kutoka mjini zilikuja nguo, shanga na bidhaa za majahazi. Vita vilipoukabili mji, watu wa kisiwani walikimbilia bara na bara ikatoa askari. Njaa ilipoikabili bara, mji ulitakiwa kukumbuka wema. Wazee wa Wadigo walikuwa na haki ya kupewa heshima zao katika shughuli za mji.

Kwa hiyo mlango wa Kilindini haukuwa mpaka. Wadigo wa kaya za kusini, makazi yao ya kale misituni, zikiwemo Kaya Tiwi hapa na Kaya Waa jirani, walikuwa na jamaa na washirika ng'ambo ya pili, na mtumbwi au dau lilitosha kuwafikisha. Dola zilizotawala kisiwa zilitegemea uhusiano huo. Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliuhitaji kwa chakula, na watawala wa Kimazrui waliufuata baada yao. Sultani Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la Wamazrui lilihamia Gazi, kusini mwa hapa tulipo, na tawi jingine Takaungu. Mwaka 1895 na 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwapiga vita Waingereza, na aliposhindwa akavuka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Baada ya hapo bara ya kusini ikawa mikononi mwa serikali ya kikoloni.

3. Bandari, madaraja na kivuko

Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza Kilindini. Kabla ya hapo shughuli za majahazi zilikuwa upande wa Mji wa Kale, lakini meli kubwa zilihitaji kina. Bandari ikahamia Kilindini, na mwaka 1926 zikafunguliwa gati za maji marefu. Likoni, iliyokuwa mashamba na vijiji vya wavuvi, ikajikuta inatazamana na lango la biashara ya Kenya, Uganda na nchi za mbali zaidi.

Hapo ndipo pande za kisiwa zilipoachana. Magharibi, Makupa iliunganishwa na bara kwa reli na barabara. Kaskazini, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1980 likapisha daraja la zege la sasa. Kusini hapakujengwa kitu. Sababu ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kisiasa: meli kubwa hazipiti chini ya daraja la Nyali, ila kila meli iendayo Kilindini hupita Likoni. Daraja la hapo ni lazima liwe refu kwenda juu kiasi cha kupisha meli za makontena, na gharama yake ni kubwa mno.

Badala ya daraja ikaja feri, mwaka 1937. Kadiri pwani ya kusini ilivyokua, na hoteli za Diani zilivyoongezeka baada ya uhuru, kivuko hicho kikawa njia ya watalii, wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa, mboga na mafuta. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Anayevuka kwa miguu halipi. Unafuu huo umeifanya Likoni kuwa mahali pa kulala kwa kibarua wa bandarini na muuza duka wa kisiwani, kwani kodi ya chumba ni nafuu na nauli ya majini haipo. Wasikilizaji wanaoamka saa kumi za usiku ili wawahi chombo cha alfajiri wanalijua jambo hili kuliko kitabu chochote.

Utegemezi huo umegharimu maisha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Hakuna ajali ya majini nchini Kenya iliyoua wengi zaidi katika kumbukumbu za karibuni. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, mama na mtoto wake wakiwa ndani, na ilichukua takriban wiki mbili kulipata kwa sababu ya kina kilekile kilichotajwa. Kufikia mwanzo wa 2021 serikali ilikuwa imeweka daraja la kuelea la watembea kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu. Lilikusudiwa kuwa la muda, na ilibidi lifunguke katikati kila meli ilipopita.

Upande wa Mtongwe kuna jirani mwingine mkubwa: Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964, ambalo kituo chake kikuu kiko hapo. Kituo hicho kimeleta ajira na barabara, na pia kimefunga sehemu ya ufuo kwa wavuvi.

4. Ardhi

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila aliyedai kipande cha ardhi alitakiwa kupeleka dai lake na kulithibitisha. Aliyekuwa na karatasi, au aliyejua njia za ofisi, alipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au iliyodaiwa bila ushahidi uliokubaliwa, ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wadigo walikuwa na ardhi ya ukoo, inayolimwa kwa zamu na kurithiwa kwa kauli ya wazee. Ushahidi wao ulikuwa minazi, makaburi na kaya, ambavyo havikutosha mbele ya msajili. Mwaka 1963, wakati ukanda wa pwani ulipojiunga rasmi na Kenya, barua ambazo serikali za Kenya na Zanzibar zilibadilishana zilihakikisha kwamba hati zilizokuwepo zitaheshimiwa. Uhuru ukaingia na ramani ya mkoloni ikabaki vilevile.

Matokeo yake Likoni yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni utaratibu wa nyumba bila ardhi, unaojulikana Mombasa nzima: mwenye shamba humkodisha mtu kiwanja, naye hujenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kwa udongo na mawe ya matumbawe, juu makuti au mabati. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Huilipia kila mwezi, hawezi kuiweka rehani benki, na mwenye ardhi akiiuza yeye hana la kusimamia. Ya pili ni uskwota: familia zilizoishi mahali kwa vizazi huambiwa siku moja kwamba shamba lina mwenyewe, ambaye hawajapata kumwona. Wakati huohuo wageni kutoka bara, wengi wakifuata kazi za bandari na hoteli, walinunua viwanja vyenye hati au walifungua biashara. Mwenyeji akaona mlango wa mali umefunguliwa kwa wengine na kufungwa kwake.

Kinyongo hicho kilitumiwa na wanasiasa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kibanda cha polisi kivukoni, wakaua askari na kuchukua silaha. Walikuwa wamekusanyika na kulishwa viapo katika misitu ya upande huu, Kaya Bombo ikiwemo. Majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia moja waliuawa, na inakadiriwa watu laki moja walihama makwao, wengi wakiwa wenye asili ya bara. Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila nchini ilisikiliza ushahidi wa hayo. Baada ya vurugu, polisi nao waliwatesa vijana wengi wa Kidigo, wenye hatia na wasio nayo. Waliopoteza walikuwa wengi pande zote, na hakuna aliyepata kiwanja kihalali kwa damu ile.

Mfano wa suluhisho, pamoja na kasoro zake, ni shamba la Waitiki. Ni ekari 930 zilizokuwa na hati ya mtu mmoja na kukaliwa na maelfu ya familia tangu vurugu za 1997. Serikali ililinunua, na Januari 2016 ikaanza kutoa hati kwa wakazi kwa masharti ya kulipia kidogo kidogo. Wengi walilalamika kulipia ardhi waliyoihesabu kuwa yao. Hata hivyo jambo moja lilithibitika: upimaji na hati vinawezekana, na vikicheleweshwa bei yake hupanda.

5. Maji

Hoja ya tano ni fupi, lakini inaihusu Tiwi moja kwa moja.

Jiji la Mombasa halina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji yake hutoka Mzima, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957. Mengine hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Mengine hutoka chemchemi za Marere katika Shimba Hills. Na mengine hutoka visima vya Tiwi. Likoni, iliyo mwisho wa mabomba ya kisiwani na ng'ambo ya mlango wa bahari, inategemea Marere na Tiwi kuliko sehemu nyingine za jiji.

Sababu iko ardhini. Likoni imezungukwa na maji ya chumvi pande tatu, na mwamba wake wa matumbawe una nyufa nyingi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi huingia. Vyoo vya shimo vikisongamana, uchafu hushuka moja kwa moja. Tiwi ina mchanga unaonyonya mvua na kuihifadhi, na nyuma yake kuna miinuko ya Shimba Hills inayoendelea kuulisha mchanga huo. Mitungi inayosukumwa kwa mikokoteni katika vichochoro vya Majengo Mapya na Timbwani, bomba linapokauka, ni alama ya tofauti hiyo ya miamba.

Ifahamike kwamba hazina ya Tiwi si ya milele. Kila nyumba yenye choo cha shimo juu ya mchanga huo, kila kisima kisicho na kibali, na kila msitu wa kaya unaokatwa hupunguza kiasi au usafi wa maji. Bwawa la Mwache linalojengwa Kinango limekusudiwa kuzisaidia Mombasa na Kwale, lakini halitazuia uchafu usiingie katika visima vya hapa.

Yajayo

Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilikamilika. Inatoka Miritini, inapita Mwache na Mteza juu ya madaraja, lile la Mteza likikaribia kilomita moja na nusu, na inatokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga. Sasa gari linaweza kutoka Nairobi hadi pwani ya kusini bila kupanda feri. Kando yake, ndani ya Likoni, kuna eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, ekari zipatazo 3,000, lililotengwa kwa viwanda na maghala. Daraja kubwa la kuvuka mlango wa Kilindini bado liko katika mipango ya serikali pamoja na Japani.

Maana yake kwa wakazi wa hapa ni dhahiri. Ukuta wa maji uliofanya jiji lijae Likoni na kuchelewa kufika Tiwi umepata njia ya kuzungukwa, na njia hiyo inatokea upande wa Kwale, karibu na vijiji hivi. Bei za viwanja zitapanda, wafanyakazi wa viwanda watatafuta vyumba, na madalali watakuja na ramani. Yaliyoichukua Likoni zaidi ya miaka mia moja yanaweza kuichukua Tiwi ishirini.

Mambo manne yafanywe sasa. Kwanza, ardhi za koo na maskwota wa hapa zipimwe na kupewa hati kabla wanunuzi hawajazidi. Pili, maeneo ya visima na mchanga unaohifadhi maji yawekwe alama kwenye mipango ya kaunti, na ujenzi wenye vyoo vya shimo uzuiwe humo. Tatu, kaunti za Mombasa na Kwale zikae meza moja kuhusu Likoni, kwa sababu maji, wafanyakazi na magari hayafuati mpaka wa Ng'ombeni. Nne, vijana wa hapa wafundishwe kazi zitakazohitajika Dongo Kundu, wasije wakabaki walinzi wa milango ya viwanda vilivyojengwa kwenye mashamba ya babu zao.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Likoni imekwisha kunyolewa. Wazee wenye kumbukumbu za mipaka wazitoe ziandikwe, vijana waliosoma wakae nao wakiandika, na viongozi wa kaunti waulizwe kuhusu upimaji katika kila baraza, kuanzia la wiki ijayo.